Mbegu Niliyomnyima Jirani

Kila mvua za kwanza zinapokaribia, watu wa kwetu huanza kuulizana msimu huu watapanda nini, na mimi huanza kuumwa na tumbo. Nimepewa dawa za vidonda, nimekatazwa maharagwe, nimekatazwa chai ya rangi. Daktari hajawahi kuniuliza ni kitu gani nilimfanyia mtu, nami sijamwambia.

Kwetu ni juu, ukipita Njoro na kupanda mpaka baridi ianze kukuuma masikio. Lilikuwa shamba la mzungu. Wazee walilinunua kwa hisa wakaligawana vipande vyembamba virefu, kila kimoja kikianzia barabarani na kuishia kwenye mfereji. Ukisimama uwanjani pa kanisa unaona mteremko wote kwa mtazamo mmoja: aliyepalilia unamwona, aliyelala pia unamwona. Shamba kwetu halina siri.

Katika mteremko huo mimi nilikuwa mtu wa kwanza. Wa kwanza kuwa na simu ya kugusa, wa kwanza kuchimba dimbwi na kulitandika karatasi nyeusi ya kukinga maji ya mvua, wa kwanza kupika kwa lile jiko linalotumia vijiti viwili vya kuni. Sikuzunguka nikihubiri. Rafiki yangu mkubwa, tuliyeimba naye sauti ya pili kwenye kwaya, alikuja akachungulia, akaenda kwake akafanya vivyo hivyo. Dada zake wakamwiga yeye, majirani wa dada zake wakawaiga wao, na msimu uliofuata jambo lilikuwa la mteremko mzima. Nilifundisha chekechea miaka mingi, lakini waliokuwa wakiniita Mwalimu kwa sauti ile ya heshima walikuwa watu wazima ambao sikuwafundisha chochote. Nilipenda sana kuitwa hivyo, na nisijifanye kwamba sikupenda.

Mtu mmoja tu hakuniiga. Alikuwa jirani yangu wa ng'ambo ya mfereji, mjane aliyenizidi kama miaka kumi, mwenye ulimi usio na breki. Simu yake ilikuwa kabambe, ile ya vitufe yenye tochi, na alisema ikipiga na kupokea inatosha. Viazi vyake vilikuwa vile vyekundu vya zamani, vya mama mkwe wake. Siku moja kina mama wa kanisa walikuja kwangu kwa maombi ya wiki nami nikawaonyesha jiko langu jipya. Kuni zilikuwa mbichi, likafuka moshi mpaka tukaanza kukohoa. Yule mjane akapangusa macho na kuniuliza, "Mwalimu, hili jiko linapika chai ama linapika wageni?"

Walicheka mpaka mmoja akamwaga chai. Nami nilicheka, lakini kwa meno. Rafiki yangu alilirudia neno hilo njiani, likafika shuleni, likafika sokoni, na kwa miezi mingi nikipita mtu aliniuliza kama wageni wameiva. Ni mzaha wa kawaida, mtu mwenye moyo mpana angesahau. Mimi nilimwekea kinyongo na nikakitunza vizuri.

Sasa ile mbegu. Mdogo wangu ameolewa upande wa Kuresoi, na nilipomtembelea nilikuta anavuna viazi ambavyo sikuwa nimeviona: vyeupe, vya mviringo, vikubwa kushinda ngumi ya mwanamume, na vinakomaa upesi. Alinipa gunia dogo la mbegu zilizoanza kuchipua. Nikapanda kipande cha karibu na nyumba. Msimu ule ulikuwa wa baridi na manyunyu, jua tulilisikia kwa redio tu, na nilipochimba nilisimama peke yangu shambani nikicheka. Nilikipiga picha kimoja kando ya kikombe ili watu waone ukubwa, nikaitia kwenye kundi la kina mama wa mteremko kwenye simu. Kabla sijamaliza kuosha mikono simu ilikuwa inalia mfululizo.

Kwetu mbegu haiuzwi kwa mtu mnayejuana, wala haiombwi. Kuomba mbegu ni sawa na kuomba ualikwe harusi. Unangoja uletewe. Mwenye mbegu huja mwenyewe na kiondo kilichofunikwa leso, anaketi, anakunywa chai, mnasema ya dunia, halafu wakati wa kuondoka ndipo anasema, "Nimekuletea kitu kidogo ujaribu." Kiondo hakirudi kitupu, unatia mayai, au njahi, yale maharagwe meusi, au chochote ulicho nacho. Na wewe ukishavuna unawapelekea wako. Mahindi mazuri, nyasi ya ng'ombe, miche ya parachichi, kila kitu kizuri kilichoingia mteremkoni kiliingia kwa njia hiyo, na nadhani hakuna njia nyingine ambayo tungeiamini.

Nilianza kwa rafiki yangu wa kwaya. Nikaenda kwa mama mkwe wangu, kwa katibu wa kundi la kina mama, kwa mwalimu mwenzangu. Wiki nzima nilikuwa mtu wa kiondo. Njia fupi ya kwenda kwa wengi wao ni ya barabarani, lakini mimi nilifuata ya mfereji, inayopita langoni kwa yule mjane. Acha niseme vile ilivyokuwa: nilizunguka ili anione. Alikuwa pale anakata nyasi ya ng'ombe, akainua kichwa, akakitazama kiondo.

"Mwalimu, habari ya mizigo?"

"Njema tu, mama."

Nikapita. Kesho yake nikapita tena, na keshokutwa. Nilirudi nyumbani nikijisikia vizuri kabisa, na hilo ndilo linaloniuma hata leo, kwamba nilijisikia vizuri.

Msimu uliofuata kila aliyeletewa alikuwa amewapelekea wake. Viazi kwetu ni waru, na vile vikaitwa waru wa Mwalimu. Malori yalivipeleka mpaka Salgaa, pale madereva wa safari ndefu wanaposimama kula, na wenye hoteli wa pale wakawa wanaviulizia kwa jina hilo kwa sababu havinywi mafuta vikikaangwa. Nilikuwa maarufu kwa watu wasionijua sura.

Halafu ukaja msimu wa jua. Jumamosi moja, saa sita mchana, nilitoka kuanika nguo nikaona mashina manne yameinama. Majani yalikuwa kijani kibichi, hayakuwa na doa wala mdudu, ila yalikuwa yamelegea kama mtu aliyeishiwa nguvu ghafla. Nikasema ni kiu. Jioni yalisimama, nikamshukuru Mungu. Kesho yake saa sita yakainama tena, na mengine kumi pamoja nayo, na yale ya kwanza hayakusimama tena.

Rafiki yangu alinipigia wiki hiyohiyo. Halafu mama mkwe. Halafu picha zikaanza kuingia kwenye kundi, moja baada ya nyingine, zote za saa sita mchana, mashina yamelala na mtu amesimama kando ameshika kiuno. Ukichimba ulikuta viazi vyenye udongo uliogandamana kwenye macho yake, na ukikikata kimoja na kukibinya kilitoa ute mweupe. Harufu yake ilikaa kwenye vidole hata baada ya sabuni.

Afisa wa kilimo, msichana mwembamba aliyevaa gambuti, viatu virefu vya mpira, alikuja kwangu kwanza, kwa sababu wageni wa kazi walikuwa wanaletwa kwangu. Aliniomba glasi ya maji safi. Akakata kipande cha shina, akakishika ncha yake ikiwa majini, akaniambia nitazame. Tulikuwa mimi na yeye tu jikoni. Punde, kutoka kwenye kile kikonyo, zikaanza kushuka nyuzi nyeupe, nyembamba, polepole, kama maziwa, zikafika chini ya glasi zikakaa.

"Ni mnyauko," alisema. "Hauna dawa, Mwalimu. Ukishaingia kwa udongo unakaa miaka. Na mara nyingi unakuja na mbegu. Wakati wa baridi unajificha, mtu anavuna vizuri, anagawa. Jua likiwaka ndio unaonekana. Mbegu ulitoa wapi?"

"Nilinunua sokoni."

"Na ulimpatia mtu?"

"Hapana."

Sijui yalitoka wapi maneno hayo. Yalitoka upesi na yalikuwa yamepigwa pasi. Yeye aliandika kwenye daftari lake, akaniambia nisipande tena viazi hapo, wala nyanya, nipande mahindi na shayiri, niwaambie na wenzangu. "Wewe wanakusikiza kuliko sisi," alisema, akaosha glasi yangu na kunirudishia.

Alipoondoka nilienda uwanjani pa kanisa. Sikuwa na shughuli huko. Nilisimama nikatazama chini, na mashamba yakanisomea majina. Lililokauka la kwanza ni la rafiki yangu. La pili la mama mkwe. Lile la katibu, la dada wa rafiki yangu, la mwanamke aliyepokea kutoka kwa dada. Kila kipande cha kahawia kilikuwa mtu niliyempenda, au mtu aliyependwa na niliyempenda. Ugonjwa ulikuwa umefuata kiondo changu mlango kwa mlango, haukukosea hata nyumba moja. Na katikati, ng'ambo ya mfereji, kilikuwepo kipande kimoja cha kijani, kimesimama wima saa sita mchana.

Jioni ile niliandika kwenye kundi: "Wapendwa, afisa amesema udongo wetu umeingiwa na ugonjwa. Tusipande viazi miaka kadhaa." Kuhusu mbegu sikuandika neno. Mtu akauliza, umeingiwaje? Sikujibu. Nilikuwa nimeishika simu mkononi, nikiona wanavyoandika na kufuta, na sikujibu. Ndani ya kimya changu rafiki yangu akatuma sauti: "Sasa wenzangu, kama ni udongo wote umeingiwa, mbona wa mtu mmoja haujaingiwa? Mimi nauliza tu."

Hakutaja mtu. Haikuhitajika. Mwingine akasema amekuwa akimwona asubuhi na mapema akitembea kando ya mfereji akinyunyiza kitu. Yalikuwa majivu, alikuwa anayanyunyizia sukuma wiki zake kwa ajili ya wadudu, na nilikuwa nimemwona akifanya hivyo miaka yote. Mwingine akaandika, kikulacho ki nguoni mwako. Nami, Mwalimu, niliweka ile picha ya mikono ya maombi. Hiyo ndiyo ilikuwa kauli yangu.

Neno la uchawi lilipita palepale palipopita mbegu. Rafiki yangu kwa dada zake, dada kwa majirani, majirani kwa wenye malori. Yeye mwenyewe hakulisikia kwanza, kwa kuwa kabambe haina makundi. Alilisikia kwa broka, mchuuzi wa kati, aliyekuja kumwangalia viazi vyake vyekundu, vizima, vya pekee katika mteremko mzima. "Mathe, hizi sitaki," broka alimwambia. "Mahoteli ya Salgaa wamekataa. Watu wanasema." Akamuuliza wanasema nini, broka akawasha pikipiki.

Aliyekuwa akichukua maziwa yake aliacha. Kanisani benchi lake lilikuwa la watu watano, likabaki la mtu mmoja. Kwaya hukaa mbele ikiwatazama waumini, kwa hiyo kila Jumapili niliimba nikiliona lile benchi. Alikuwa na kitabu cha nyimbo alichokishika kwa mikono miwili, na aliimba beti zote, hata zile ambazo wengine huruka. Mara moja macho yetu yalikutana na mimi nikafumba yangu, kama mtu aliyezidiwa na Roho. Rafiki yangu aliyekuwa kando yangu alinishika mkono kwa kunitia moyo.

Viazi vyake vilichipua na kuoza stoo. Siku moja tuliamka tukakuta ua wake umekatwa na ng'ombe wameingia, shamba limekanyagwa lote. Hakuna aliyeuliza ni ng'ombe wa nani. Binti yake, anayeishi Free Area kule Nakuru, alikuja na pikapu. Niliwatazama kupitia dirisha la jikoni wakipakia kitanda, kuku, na sufuria. Walipomaliza, yule mama alifunga mlango, akashuka mpaka kwenye mfereji, akasimama akiitazama nyumba yangu. Nilirudi nyuma ya pazia. Nilisimama pale mpaka niliposikia gari likiondoka.

Tangu siku hiyo sijawa sawa. Shamba lake halina mtu, lakini kila mvua ikinyesha vile viazi vyekundu vilivyobaki ardhini huchipua vyenyewe, bila mkono wa mtu, vinasimama kijani katikati ya mahindi yetu. Ikifika saa sita mchana najikuta dirishani. Nikimimina maji kwenye glasi huwa naishika kwanza kwenye mwanga. Nikialikwa siendi na kitu mkononi, na watu wanasema Mwalimu siku hizi amekuwa mchoyo. Wakiniuliza mbegu gani nzuri mwaka huu nawaambia waulize ofisi ya kilimo, nao wanacheka, wanadhani ni unyenyekevu.

Mwaka huu baada ya Pasaka nilichoka. Niliketi kitandani mchana, nikashika simu, nikasema yote kwa sauti yangu. Nilisema mbegu ilitoka kwangu, nilisema nilimdanganya afisa, nilisema yule mama alipona kwa sababu nilimnyima, na nilimnyima kwa sababu ya mzaha wa jiko. Nikatuma kwenye kundi. Niliona alama za buluu, moja baada ya nyingine, mpaka wote walikuwa wameisikiliza. Hakuna aliyeandika. Baadaye rafiki yangu alinipigia.

"Mwalimu, futa hiyo kitu," alisema kwa upole. "Una huruma mingi sana. Huwezi kumbebea mtu dhambi yake."

"Ni mimi niliwaletea."

"Ulituletea chakula. Mtu haletewi ugonjwa na rafiki yake. Na hata hivyo, lisemwalo lipo."

Ile picha ya kiazi na kikombe ilifika Salgaa kwa siku moja. Sauti yangu ilibaki palepale nilipoiweka. Hakuna aliyeituma hata kwa dada yake. Jioni mtu alileta habari za kamati ya harusi, wakaendelea na harusi. Nililia, na nilikuwa na hasira na wote, ingawa mimi ndiye niliyewazoesha kuniamini.

Basi nikaenda Free Area mwenyewe. Yule mama anaishi na binti yake vyumba viwili nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, na mlangoni amepanda sukuma kwenye magunia. Amepungua. Alinikaribisha kama mgeni yeyote, akaniambia keti Mwalimu, akanimiminia chai, akaendelea kuchagua maharagwe kwenye sinia. Nikamwambia yote, tangu moshi wa jiko mpaka pazia. Hakunikatiza. Mkono wake ulikuwa unatoa mawe, unatoa mawe.

Nilipomaliza nilimwambia nimekuja kumrudisha nyumbani. Nitasimama kanisani mbele ya wote niseme.

"Watasema sasa nimekuroga na wewe," alisema.

Ni kweli wangesema.

"Ugonjwa sikuwa najua," akaendelea. "Lakini mbegu nilijua ni yako, nani hakujua? Ile wiki ulikuwa unapita na kiondo, nilichimba mistari miwili hapo karibu na mfereji. Nikaweka samadi kabisa. Nikasema huyu ataanza na watu wake, ni sawa, mimi nitakuwa wa mwisho. Kila siku ukipita naweka maji ya chai. Mistari ikakaa mpaka ikaota magugu."

Nilitafuta neno la kumpa, na lililokuja ndilo nililokuwa nikijifariji nalo siku zote.

"Afadhali sikukuletea, mama. Ungepoteza shamba."

Aliacha maharagwe. Alinitazama kwa mara ya kwanza tangu nilipoingia, bila hasira yoyote.

"Shamba si nilipoteza tu?" alisema. "Ungeniletea, ningelipoteza pamoja na nyinyi."